Umbali Katika Michezo ya Video: Somo la Fizikia Kutoka Uwanda wa Ufipa

Jioni, baada ya kazi na masomo, vijana wa Sumbawanga, kama wenzao wa Mbeya au Dodoma, huingia katika vibanda vya gemu, hulipa ada ndogo na kucheza mpira wa miguu kwenye televisheni. Wachezaji wawili huketi bega kwa bega. Pedi zao zimeunganishwa na mtambo mmoja, na mtambo huo uko hatua mbili tu kutoka walipo. Kidole kikibonyeza, mchezaji wa kwenye kioo hupiga mpira. Ikiwa mtambo ni mkongwe na unakawia, unakawia kwa wote wawili sawasawa, na aliyefungwa hana wa kumlaumu.

Hali ni tofauti kabisa pale mpinzani anapokuwa Nairobi, Johannesburg au Paris. Hapo amri ya kidole haina budi kusafiri, na muda wa safari hiyo huingia ndani ya mchezo wenyewe. Makala haya yanaeleza muda huo unatokana na nini, unapimwaje, na kwa nini mwanafunzi wa Ufipa anayetaka kucheza michezo hii, au bora zaidi kuitengeneza, anapaswa kuufahamu.

Biashara ya michezo ya video imekua kupita matarajio ya waanzilishi wake. Shirika la utafiti la Newzoo lilikadiria kwamba mapato ya dunia nzima kwa mwaka 2023 yalikuwa takriban dola bilioni 184 za Marekani, na karibu nusu ya fedha hizo ilitokana na michezo ya simu za mkononi. Ukubwa huo haukuwakinga wafanyakazi: Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 katika idara yake ya michezo, na mwezi uliofuata Sony ikatangaza kupunguza 900. Lakini kwa mwanafunzi wa sayansi habari kubwa ya miaka hii si fedha wala ajira. Ni kuhama kwa mchezo kutoka katika mtambo ulio mbele ya mchezaji kwenda katika kompyuta za mbali, ziitwazo seva.

Kuhama huko kuna daraja mbili. Katika daraja ya kwanza simu au mtambo wa mchezaji bado unachora picha, lakini seva ndiyo mwamuzi: ndiyo inayoamua mpira uko wapi na nani ameugusa kwanza. Katika daraja ya pili kila kitu hufanyika kwenye seva, na mchezaji hupelekewa picha tu, kama anayetazama filamu ambayo anaiamrisha mwenyewe. Njia hii ya pili huitwa mchezo wa wingu. Kampuni ya Google iliianzisha huduma yake ya Stadia Novemba 2019 katika nchi 14, hata moja ikiwa haipo Afrika, na ikaifunga tarehe 18 Januari, 2023. Hata hivyo wakubwa wa biashara hawakuiacha njia hiyo. Aprili 2023 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizuia Microsoft isiinunue kampuni ya Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, na hoja yake kuu ilikuwa hofu kwamba Microsoft ingeitawala michezo ya wingu. Ununuzi uliruhusiwa Oktoba mwaka huohuo, baada ya haki za kuiendesha michezo ya Activision kwa njia hiyo kukabidhiwa kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft.

Hebu sasa tuuangalie mwili wa binadamu. Mpigaji wa penalti husimama mita 11 kutoka golini. Akiupiga mpira kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde, mpira utafika baada ya 11 ÷ 25, yaani sekunde 0.44. Kipa, awe katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga au Wembley, huhitaji kama sekunde 0.2 ili jicho lione, ubongo uamue na misuli ianze kutii. Anabakiwa na sekunde 0.24 za kuruka. Sasa tuchukulie kwamba habari ya mpira kupigwa inamfikia ikiwa imechelewa kwa sekunde 0.1. Muda wake wa kuruka umeshuka hadi 0.14. Kipa huyo si mzembe wala hana macho mabovu. Amenyang'anywa zaidi ya theluthi moja ya nafasi yake na kitu asichokiona. Kitu hicho ndicho ukawiaji, nao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Kipimo cha kawaida ni muda wa kwenda na kurudi, kwani amri huenda kwenye seva na jawabu hurudi.

Ukawiaji unaanzia katika kanuni ya maumbile. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde katika ombwe. Ndani ya nyuzi za kioo ambazo mikongo ya mawasiliano imetengenezwa kwazo, nuru hupungua kasi kwa sababu ya kipeo cha mpindo cha kioo, ambacho ni karibu 1.5, na kubakia na kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Hii ni sawa na kilomita 200 kwa kila milisekunde. Hakuna tajiri awezaye kuinunua zaidi ya hapo.

Tupige hesabu kutoka Sumbawanga. Barabara ya kwenda Dar es Salaam kupitia Laela, Tunduma, Mbeya na Iringa ni takriban kilomita 1,150. Tuchukulie kwamba mkongo unaifuata barabara hiyo. Kwenda na kurudi ni kilomita 2,300, nazo tukizigawanya kwa 200 tunapata milisekunde 11.5. Kwa hiyo seva ikiwa Dar es Salaam, mchezaji wa Sumbawanga hana sababu ya kimaumbile ya kushindwa na mtu wa Kariakoo, kwa kuwa tofauti hiyo ni ndogo kuliko muda ambao picha moja hukaa kwenye kioo kinachobadilisha picha 60 kwa sekunde.

Seva ikiwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, mambo hubadilika. Kutoka Dar es Salaam mkongo wa baharini hupanda na pwani ya Afrika, ukapita Bahari ya Shamu na Misri, kisha Mediterania. Safari hiyo tuikadirie kuwa kilomita 9,000. Tukiongeza ile ya nchi kavu na kuzidisha mara mbili tunapata kilomita 20,300, yaani milisekunde 101.5. Ndiyo ile sekunde 0.1 ya kipa wetu.

Na Johannesburg je? Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Kwa mstari ulionyooka, Johannesburg haizidi sana kilomita 2,000 kutoka Sumbawanga. Mpaka wa Zambia uko karibu, na kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa umepata umeme wake kutoka Zambia pamoja na jenereta za dizeli. Umeme umekuwa ukitoka kusini moja kwa moja, lakini ujumbe wa intaneti unaweza kwenda kwanza mashariki hadi Bahari ya Hindi, ukashuka na mkongo wa baharini kilomita kama 3,000 hadi Mtunzini, pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, kisha ukapanda bara kilomita 600 nyingine. Jumla ya kwenda na kurudi ni kilomita 9,500, au milisekunde 47.5. Mkongo wa Taifa umeunganishwa na Zambia pale Tunduma. Kama ujumbe ungepita hapo na kushuka kwa nchi kavu kupitia Lusaka na Harare, safari ingekuwa kama kilomita 2,850, na ukawiaji milisekunde 28.5. Tofauti ya milisekunde 19 kati ya njia hizi mbili haikuwekwa na maumbile. Imewekwa na mikataba ya makampuni, bei za kupitisha data, na mahali pa kubadilishania mawasiliano. Ni muhimu mwalimu awaonyeshe wanafunzi tofauti hii, maana mtu aliyezoea kuambiwa kwamba yuko mbali huacha kuuliza ni umbali gani hasa unaozungumzwa.

Hesabu hizi ni za kiwango cha chini kabisa. Vipimo halisi huzidi, na mara nyingi ziada kubwa hupatikana katika kilomita chache za mwanzo, kati ya simu na mnara. Mtandao wa kizazi cha tatu waweza kuongeza milisekunde 100 au zaidi. Wa kizazi cha nne huongeza chini ya hapo. Umbo la nchi nalo lina sehemu yake. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na nyuma yake imesimama Milima ya Mbizi. Ng'ambo ya milima hiyo ardhi huporomoka kama mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa, waliko watu wa Muze, Ilemba na Mtowisa. Mawimbi ya redio ya simu hayapindi kirahisi kuufuata ukingo wa namna hiyo, hivyo mnara wa mjini hauwasaidii watu wa bondeni. Tena mnara mmoja ukihudumia watu wengi, pakiti za data hupanga foleni. Saa mbili usiku, watu wanapotazama video, foleni hurefuka; alfajiri hufupika. Kubadilikabadilika huku humsumbua mchezaji kuliko hata ukawiaji wenyewe, kwa sababu kidole chaweza kuzoea kuchelewa kusikobadilika, lakini hakiwezi kuzoea kubahatisha.

Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe ulipanda na kushuka, na jawabu likapanda na kushuka: mara nne. Gawanya kwa kasi ya nuru, utapata karibu nusu ya sekunde. Kwa kipa wetu, mpira ungekuwa umeshatikisa nyavu. Setilaiti mpya za Starlink, ambazo huduma yake ilianza Kenya na Zambia mwaka 2023, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, na safari hizo nne huchukua kama milisekunde 7 tu. Mikongo nayo haikuondoa udhaifu wote: tarehe 12 Mei, 2024 SEACOM na EASSy zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota nchi nzima.

Watengenezaji wa michezo wamebuni hila za kuuficha ukawiaji. QuakeWorld ya mwaka 1996 iliiruhusu kompyuta ya mchezaji kubashiri matokeo ya amri zake bila kungoja jawabu, kisha kujisahihisha seva ikisema vingine. Hila nyingine ni kwa seva kurudisha saa nyuma na kuamua kwa kufuata kile alichokiona mpigaji wakati anapiga. Hila hiyo humtendea haki mwenye mtandao wa polepole, lakini mwenzake huweza kupigwa risasi akiwa ameshajificha nyuma ya ukuta. Ukawiaji haukufutwa, umehamishiwa kwa mtu mwingine.

Mchezo wa wingu hauna nafasi kubwa ya hila hizo, na una mzigo mwingine. Picha ya ubora wa wastani huhitaji kama megabiti 10 kwa sekunde. Kwa saa moja ni megabiti 36,000, sawa na megabaiti 4,500. Kwa vifurushi ambavyo wanafunzi wengi hujiunga navyo, data itakwisha kabla ya mapumziko.

Je, kijana wa Ufipa asubiri mpaka seva isogee? La. Ukawiaji hudhuru michezo ya kasi. Michezo ya zamu haiujali. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 laweza kuchezwa kati ya Sumbawanga na Muscat kwa ukawiaji wa sekunde nzima, na hakuna atakayeonewa, kwa sababu fikra za mchezaji bao huchukua muda mrefu kuliko hapo. Kadhalika mchezo usiohitaji mtandao hauna umbali wowote. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kutengeneza michezo kwa kompyuta ambayo mama yake aliidundulizia dola 300 kwa miaka mitatu. Ili kuichaji, ilimbidi atembee saa tatu. Mchezo wake wa simu, Salaam, unahusu mtu anayekimbia vita, na Desemba 2018 alitunukiwa kwa kazi hiyo nchini Marekani. Mtengenezaji anayeijua hali ya mtandao wa kwao huchagua aina ya mchezo kwanza, ndipo huandika programu.

Shule yenye simu moja ya kisasa yaweza kulifanya jaribio lifuatalo. Zipo programu za bure zinazotuma pakiti kwenye seva na kuonyesha muda wa kwenda na kurudi. Wanafunzi wapime seva moja iliyoko Dar es Salaam, nyingine Johannesburg na nyingine Ulaya, mara 20 kila moja, alfajiri, adhuhuri na saa mbili usiku, kisha wachore grafu. Shule ya Laela ibadilishane matokeo na shule ya Mtowisa. Kipimo kidogo kabisa kwa kila seva ndicho kinachokaribia umbali. Kinachozidi hapo ni foleni na vyombo vya njiani. Kwa kuwa pakiti huenda na kurudi, kila milisekunde moja haiwezi kuwakilisha zaidi ya kilomita 100 za mkongo. Seva inayojibu Sumbawanga kwa milisekunde 30 kwa njia ya mkongo haiwezi kuwa zaidi ya kilomita 3,000 kutoka hapo, hata kama tangazo lake linasema iko London.