Maji Yaingiayo Baharini kwa Siri

Watu wengi hudhani ya kuwa maji ya nchi kavu hufika baharini kwa njia ya mito tu. Sivyo. Sehemu ya mvua inyweayo ardhini husafiri polepole chini ya miguu yetu, pengine miaka mingi, mpaka itokee pwani au chini ya bahari yenyewe. Katika pwani yetu ya mawe ya matumbawe, yenye matundu tele, twaweza kuona maji baridi yakibubujika mchangani bahari inapokupwa.

Maji hayo ni machache kuliko ya mito, lakini hubeba naitrojeni na fosforasi, chakula cha mimea ya bahari. Yakija kwa kiasi, ni neema kwa mikoko na kwa samaki wachanga. Yakizidi, mwani huota kwa wingi ukayasonga matumbawe.

Tutazame yaliyotokea Lahaina, katika kisiwa cha Maui, Hawaii. Tangu miaka ya 1980 maji machafu ya mji, yaliyokwisha kusafishwa kiasi, yalikuwa yakimiminwa katika visima virefu, karibu nusu maili kutoka ufukoni. Huko chini, ni nani angeyaona? Mwaka 2011 wataalamu walitia rangi katika visima hivyo. Baada ya siku 84 rangi ilianza kutokea katika chemchemi za baharini, penye matumbawe yaliyokwisha kudhoofika. Walikadiria kuwa asilimia 64 ya maji yale yalitokea hapo. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 2020 ikaamua ya kuwa kupitisha uchafu ardhini hakumwondolei mtu wajibu wa kuomba kibali, ikiwa ni sawa na kuumwaga baharini moja kwa moja.

Kwetu hakuna visima vya namna ile, lakini vyoo vya shimo viko, navyo vyachimbwa katika mawe yale yale yenye matundu, mara nyingi hatua chache kutoka kisima cha jirani. Tena tukiteka kupita kiasi, bahari hufuata nyuma: Dar es Salaam, baada ya ukame wa 1997, visima vingi vilichimbwa, na baadhi ya vile vya karibu na pwani vimeingiwa na chumvi.

Basi mwenye kiwanja pwani aulize kabla fundi hajashika sururu: maji ya ardhini huelekea wapi mahali hapa? Wavuvi wazee huenda wakamwonyesha zinapotokea chemchemi.