Mtoto Mpirani, Mtoto Kanisani: Pa Kulegeza na Pa Kukaza

Vijijini kwetu, Masanze na kwingineko Kilosa, mechi za mchangani hupigwa jioni, jua likishapunguza ukali. Saa hizo ibada ya Jumapili imekwisha zamani, watu wamekula na kupumzika. Mzazi anayelalamika kwamba mpira unamnyima mwanawe kanisa, mara nyingi bado hajakaa na kocha wakapanga saa. Kinachogongana na ibada ni safari. Timu inacheza ugenini, Mikumi au Kilosa mjini, gari limekodiwa kwa michango, na watoto wanatakiwa wawe wameshafika barabarani asubuhi.

Dawa ya hapo ni kalenda. Mwezi unapoanza, muulize katekista ni Jumapili ipi padre anafika kigangoni na ni ipi ataongoza yeye ibada ya Neno. Ukishajua, mpelekee kocha tarehe hizo kabla hajapanga mechi za kirafiki. Kwa Wakatoliki, Misa ya Jumamosi jioni inahesabika kuwa ya Jumapili, ingawa kwa kawaida utaipata parokiani tu. Mlutheri na Mwanglikana amwone mchungaji, kwani wapo wenye ibada ya alfajiri ambayo mtoto anaweza kuiwahi na begi lake la njumu mkononi. Ila mwaka wa kipaimara ni mwingine. Mwaka huo mafundisho yatangulie, bonanza lingoje. Bonanza litarudi msimu ujao, lakini mtoto akikosa vipindi vingi hubaki nyuma ya wenzake na huenda akarudia darasa kwa aibu.

Na kwenye Kwaresima msiwape watoto mzigo ambao Kanisa lenyewe halikuwapa. Sheria ya Kanisa Katoliki inaanza kudai kujinyima nyama ukiwa na miaka 14, na kufunga ukiwa na 18. Mtoto wa miaka 11 anayekimbia uwanjani jioni ale chakula chake cha mchana.

Wasabato wana kazi ngumu zaidi, maana Sabato yao inaanza jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, na mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi au UMISSETA kwa sekondari hayasimami siku hiyo. Mzazi amwandikie mwalimu wa michezo barua mapema, kabla timu haijachaguliwa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kuabudu, kwa hiyo anaomba kitu kinachojulikana kisheria. Lakini mwambieni mtoto ukweli kwamba kukosa mechi kutamuuma, na pengine nafasi yake ataichukua mwingine. Imani isiyomgharimu kitu ataiacha siku yoyote.

Timu zetu zina Wakristo na Waislamu. Ukiomba Jumapili asubuhi iheshimiwe, uwe wa kwanza kumtetea mtoto wa jirani anayetaka kuwahi sala ya Ijumaa, au anayefanya mazoezi akiwa amefunga Ramadhani. Sala kabla ya mechi iwe fupi, kila mtoto kwa namna yake. Uwanja usigeuzwe mkutano wa injili.

Hayo ya saa na siku yanamalizwa na mazungumzo. Yanayonitia hofu ni mengine, na wazazi wengi Wakristo wanayapita kama hawayaoni. Tunagombana na kocha juu ya Jumapili, halafu tunanyamaza mtoto anapoogeshwa dawa za kishirikina.

Kila mpenzi wa mpira nchini anajua maana ya kamati ya ufundi. Ni watu wanaochangisha fedha zisizo na risiti, kisha wanakuja na masharti: msipite getini, rukeni ukuta; msisalimiane na wapinzani; kila mchezaji anawe maji haya. Mtoto wa miaka 13 aliyebatizwa anayapokea kwa sababu mtu mzima amesema, na anaondoka na somo kwamba Mungu ni wa Jumapili, uwanjani kuna wengine. Hapa ndipo pa kukaza. Kabla hujatoa ruhusa, muulize kocha uso kwa uso: "Kocha, hii timu ina kamati ya ufundi?" Atakuelewa. Mwambie wazi mwanao hataingia humo na mchango wako ni wa nauli, maji na mpira tu. Kisha mzoeze mtoto nyumbani namna ya kukataa kwa adabu: "Shikamoo mzee, mimi dawa situmii, niweke benchi kama ni lazima." Arudie mpaka izoeleke mdomoni, kwa sababu siku ya mechi, mbele ya wakubwa, maneno hupotea. Wala usimtaje mtu kuwa mchawi. Tuhuma za namna hiyo zimeua wazee wengi katika nchi hii, na Mkristo hapaswi kuwa mwanzo wake. Kataa kitendo, muache mtu.

Na sisi tusifanye yaleyale kwa jina la Yesu. Nimeona maji ya baraka yakinyunyizwa golini, mafuta ya upako yakipakwa kwenye mlingoti, rozari ikifichwa ndani ya soksi ili mpira usiingie. Hiyo ni ndumba iliyovaa msalaba. Rozari shingoni refa ataamuru ivuliwe vilevile, sheria ya 4 ya mpira hairuhusu mapambo ya aina yoyote. Mfundishe mtoto kuomba ulinzi asiumie, aombe hasira isimshinde, awaombee na wapinzani wasivunjike. Ushindi autafute mazoezini.

Pa pili pa kukaza ni kwenye umri. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wameshafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Uongo wa namna hiyo huanzia chini kabisa, shuleni na kwenye kata, mzazi akikubali mwanawe apunguziwe miaka ili aonekane hodari. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye daftari la ubatizo ndiyo hiyohiyo ya kumpa mwalimu wa michezo. Ukiibadilisha, mtoto amekuona.

Mkeka wa kubeti nao msiuchekee. Kubeti chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, na kijana anayeshinda kibanda umiza huku ana mkeka mfukoni hatazami mpira tena. Akitaka kuona mechi, nenda naye, mrudi pamoja.

Kwa mabinti wa netiboli na riadha, imani haiwazuii kukimbia wala kuvaa jezi. Mzazi aulize jambo kubwa kuliko jezi: kambini analala wapi, na mwalimu gani wa kike analala nao? Pasipo jibu la jina, asiende. Hili liwahusu wavulana pia.

Kwa wale wanaosema michezo ni mambo ya dunia, wakumbuke kuwa Paulo aliwaandikia Wakorintho, waliokuwa jirani na michezo ya Isthmia, akatumia mfano wa mkimbiaji na wa bondia bila kuona haya. Na hapa jirani, Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten nchini Kenya mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa amesomea riadha, lakini alikaa na vijana kwa subira miaka na miaka. Mmoja wao, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012, rekodi ya dunia. Mtawa huyo hakuacha utawa ili afundishe mbio.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, wiki hii mtafute kocha wa mwanao kabla ya msimu kuanza. Mpelekee tarehe za Misa au ibada, muulize habari ya kamati, na cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi mwako.