Somo: Watoto waliofukuzwa na nyumba iliyowapokea



Wengi munasema hadithi za mazimwi ni za watoto wadogo. Je, ni kweli? Mu mwaka 2019 Marlon James, mwandishi wa Jamaika, alitoa kitabu Black Leopard, Red Wolf, hadithi ya kubuni ya Afrika ya zamani. Humo Tracker, mtu wa kutafuta waliopotea, anapendana na mwanaume mwenzake, Mossi. (Mossi ni prefe, lakini si prefe wa masomo kama wetu: ni wa askari wa mji wa Kongor!) Wawili hao wanalea watoto wanaoitwa mingi. Neno hilo linatoka kusini ya Ethiopia: mtoto akiota meno ya juu kwanza, walisema ana mkosi, wakamtupa.

Sisi Wakongo tunaelewa mbio. Kwetu mtoto anaitwa mchawi, anafukuzwa, hata kama sheria ya 10 Januari 2009 inamwazibu anayemsingizia. Njo maana mwandishi aliwaweka wote mu nyumba moja: waliokataliwa juu ya mwili, na waliokataliwa juu ya mapendo.

Niliposoma pale, nilikumbuka mwenzetu mmoja aliyeacha masomo juu ya majina tuliyomwita. Mimi nilikuwa doyeni. Nilisikia, nikanyamaza.

Doyeni, mwaka wa sita