Hesabu ya Sungura

Tangu muhula huu uanze vijana wengi wa kidato cha kwanza na cha pili wamenijia kuniuliza habari za kufuga sungura. Karibu wote huanza na swali moja: sungura huuzwa bei gani? Hilo ni swali dogo kuliko yote. Sungura mchanga hununuliwa kwa fedha ambayo hata mwanafunzi asiye na kitu aweza kuikusanya kidogo kidogo, na pengine hupewa bure na mtu aliyechoka kuwalisha. Yafaa kuuliza kwanza kwa nini mtu yule alichoka.

Kabla ya hesabu, neno moja juu ya jina. Sungura wa hadithi za bibi zetu, yule mjanja aliyemdanganya fisi, siye huyu wa kizimbani. Yule ni wa porini hapa Afrika. Hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na nchi za jirani yake. Watoto wake huzaliwa uchi, hawaoni, na macho yao hufunguka baada ya siku kumi hivi. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja, ndiyo maana watu wengine hudhani kwamba wa kufugwa naye ataweza kujitafutia chakula kama wa porini. Hawezi. Akifungwa ndani ya kizimba, kila jani alalo limeletwa na mkono wa mtu.

Sasa tuhesabu. Jike hubeba mimba siku 31, pungufu au zaidi ya siku moja. Huzaa watoto wanne, sita, nane, hata zaidi. Naye aweza kupokea dume tena muda mfupi sana baada ya kuzaa, ukimwacha nalo. Jambo hili liliwashangaza watu zamani. Mwanahesabu Leonardo wa mji wa Pisa, katika kitabu chake cha mwaka 1202, aliuliza: mtu akifungia jozi moja ya sungura mahali penye ukuta, na kila jozi ikizaa jozi nyingine kila mwezi kuanzia mwezi wa pili wa maisha yake, baada ya mwaka kutakuwa na jozi ngapi? Jibu lake ni 377, yaani sungura 754. Waalimu wa hesabu hulipenda fumbo hili kwa sababu ya mfuatano wa namba zake. Lakini Leonardo hakueleza nani alikuwa akikata majani.

Tumsaidie. Sungura mkubwa wa kilo nne anahitaji majani mabichi yapatayo robo tatu ya kilo kwa siku. Hayo ni makisio tu, maana majani ya mvua yana maji mengi, nayo ya kiangazi yana machache. Kila mmoja na apime kwa mizani yake. Kama sungura 754 wa Leonardo wangekuwa wakubwa wote, wangetaka zaidi ya kilo 560 kila siku. Watu wa Australia walilijua jambo hili kwa njia chungu. Mwaka 1859 Thomas Austin aliachilia sungura wapatao 24 katika shamba lake, Barwon Park, katika jimbo la Victoria, apate kuwawinda. Wakaenea nchi ile wakila malisho ya kondoo, hata serikali ikajenga ua mrefu wa waya upande wa magharibi, na mwaka 1950 ikaeneza ugonjwa wa kuwaua.

Sisi tuna ya kwetu, tena ni madogo. Chukua mfano wa kijana mwenye majike wawili na dume mmoja. Watu watatu hao, kama nikiwaita watu, hula kilo mbili na robo kwa siku. Mvulana mwenye panga kali huzikata kabla ya kengele ya asubuhi bila kutoka jasho. Majike wote wawili wazae watoto sita sita. Kwa majuma ya kwanza huoni tofauti kubwa, maana watoto hunyonya. Ni mama tu anayekula mara mbili au tatu ya kawaida yake na kunywa maji lita moja au zaidi. Ndipo kijana hudanganyika, akasema, Kumbe si kazi! Watoto wakiachishwa kunyonya, katika juma la sita, mambo hubadilika kwa ghafula. Kila mmoja hukaribia kula nusu kilo. Kumi na wawili hao wanataka kilo sita, na wakubwa kilo mbili na robo; jumla ni kilo nane na robo kila siku, Jumapili na siku za mitihani zikiwamo. Ukiwalisha watoto tangu juma la sita hata wafikie umri wa miezi minne ya kuuzwa, yaani siku 80 hivi, wao peke yao wamekula kilo 480 za majani. Hii ndiyo bei ya sungura. Ile uliyolipa sokoni ilikuwa kama nauli ya kufika mlangoni tu.

Wala usidhani kwamba sungura aweza kufunga siku moja kama mbwa. Tumbo lake limeumbwa kufanya kazi bila kusimama, na likikaa tupu siku nzima laweza kusimama kabisa, naye akafa. Tena hula kinyesi chake kile laini, akikitoa mwenyewe kwa kinywa chake, apate nguvu iliyobaki ndani yake. Asishtuke anayeona hivyo kwa mara ya kwanza, si ugonjwa.

Jambo la pili ni vizimba. Watu hutengeneza kimoja kikubwa na kuwatia wote ndani, wakidhani wameokoa mbao. Majike wakubwa wasiozoeana huumizana, madume hupigana mpaka kujeruhiana vibaya sana, na dume akikaa na jike siku zote huna tena uwezo wa kupanga lolote. Kila mkubwa na awe na chake, urefu kama sentimita 80, upana 60, kimo 50. Watoto nao wakifika miezi mitatu hapana budi kuwatenga madume na majike, maana mwezi mmoja baadaye ndugu watazaliana. Kwa hiyo yule mwenye watatu asihesabu vizimba vitatu, ahesabu vitano. Waya wa sakafuni ndio wenye gharama zaidi. Asiye na fedha aweza kupasua mianzi na kuipanga, akiacha nafasi ya sentimita moja na nusu hivi, kinyesi kipite na mguu usipite. Mianzi hutafunwa, tena hulowa mkojo, nayo itahitaji kubadilishwa mara kwa mara. Lakini mianzi haidai fedha.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo huamua yote, nalo ni kalenda. Huku kwetu mashariki ya Uganda, kuelekea Mlima Elgon, mvua huanza mwezi wa Machi, na kiangazi kikali ni Desemba mpaka Februari. Shule nazo hufungwa mapema Desemba na kufunguliwa Februari. Tazama basi: majani hukauka wakati ule ule ambapo mwanafunzi anaondoka. Sungura hawana likizo.

Namjua kijana mmoja wa kijiji jirani na chetu, si wa shule hii, aliyempa dume majike wake wawili mwanzo wa Oktoba. Hakufanya hesabu ya siku mbele. Watoto wakazaliwa mwanzo wa Novemba, kumi na wanne. Wakaachishwa katikati ya Desemba, siku zile ambapo hata kando ya kijito majani yamekuwa ya manjano. Jumla walikuwa kumi na saba. Maji ya nyumba yao yalitoka kisimani kwa madumu, kichwani kwa mama yake, na sungura wakanywa karibu robo ya dumu zima kila siku. Mama yule hakulalamika kwa mwezi mmoja. Mnamo Januari watoto sita walikuwa wamekufa, wengine wameonekana mbavu, naye akawagawa waliobaki kwa majirani bila kudai hata senti moja, mtoto wake akiwa amesimama pale. Simlaumu mama, na kijana yule hakuwa mvivu, maana nilimwona akienda mbali na gunia lake. Kazi ile ilikuwa imeshindikana tangu Oktoba.

Angempa dume jike wake mwanzo wa Februari ingekuwaje? Watoto wangezaliwa mwanzo wa Machi, mvua zinapoanza. Wangeachishwa katikati ya Aprili, wakati majani yanafika kiunoni. Wangefikisha miezi minne mwanzo wa Julai, wakauzwa wakiwa wanono. Mwanzo wa Julai huo huo mama ampokee dume tena. Atazaa mwanzo wa Agosti, ataachisha katikati ya Septemba, nao wa pili watauzwa mwanzo wa Desemba kabla shule haijafungwa. Mizao miwili kwa mwaka, na kiangazini unabaki na wakubwa tu. Wapo wenye kuniambia kwamba jike aweza kuzaa mara tano au sita. Aweza, kweli, kama unanunua chakula cha gunia. Sisi tunalisha kwa panga.

Wakubwa hao nao wasisahauliwe. Mwezi wa Oktoba na Novemba, majani yangali mengi, yakate, yatandaze kivulini yakauke bila kuota ukungu, uyafunge. Kwa sungura watatu wakubwa, gramu 150 za majani makavu kila mmoja kwa siku, siku 90 za kiangazi zinataka kilo 40 hivi, nazo hutokana na karibu kilo 180 za majani mabichi. Ni kazi ya Jumamosi tatu au nne kwa vijana wawili. Majani ya migomba hubaki mabichi hata jua likiwaka, nayo husaidia. Ukitaka kujua idadi ya sungura unaoweza kuwamudu, usihesabu fedha mfukoni. Hesabu mafungu yako ya majani makavu mwisho wa Novemba.

Katika majani ya mvua tuna bahati: majani ya viazi vitamu, kishona nguo kabla hakijatoa miiba, mabingobingo machanga, na yale laini yatambaayo yenye ua dogo la buluu. Usiwape majani ya mparachichi, wala ya viazi ulaya, wala ya nyanya, yana sumu. Mahindi yenye ukungu pia ni sumu, hata kama jikoni wanakupa kwa moyo mwema. Mama anayenyonyesha aongezewe konzi ya pumba safi, gramu 100 hivi kwa siku. Kwa majuma sita ni kilo nne na kidogo, na hizo ni za kununua.

Juu ya magonjwa nitasema machache. Kuhara kwa watoto na matumbo kujaa hutokana mara nyingi na sakafu yenye unyevu na kinyesi. Dawa ya bwana mifugo ipo, ila ufagio ni rahisi zaidi. Maganda ndani ya masikio ni upele unaosababishwa na wadudu wadogo, nao huambukiza. Mtenge mgonjwa na umwonyeshe bwana mifugo. Weka akiba ndogo kwa ajili hiyo. Kinyesi kwa upande wake ni mbolea nzuri ya bustani ya mboga, na mwenye bustani aweza kukubadilishia majani ya viazi. Nimefanya hivyo mwaka mzima bila kutoa fedha.

Limebaki dume. Dume mmoja hutosha majike wanane au kumi, naye kwa mwaka hula kilo 270 na zaidi za majani kwa kazi ya dakika chache. Basi vijana wanne wenye majike wawili wawili na wachangie mmoja, wamlishe kwa zamu. Siku ikifika, mpeleke jike kwenye kizimba cha dume, wala usifanye kinyume, maana jike hulinda mahali pake na kumuuma mgeni. Andikeni tarehe ukutani.

Na kwa yule anayependa sungura kwa kuwatazama tu, asiyetaka kuuza wala kuchinja, nao wapo, sioni aibu kwao, ushauri wangu ni mfupi: achukue majike wawili waliozaliwa pamoja na kulelewa pamoja, wasitengane, wala asiwe na dume kabisa. Hao watakula kilo moja na nusu kwa siku leo, na mwaka ujao watakula hiyo hiyo. Muuzaji akisema wote wawili ni majike, usikubali kwa neno lake. Mlaze sungura chali mapajani, bonyeza polepole juu ya tundu la mkojo: la jike huonekana kama ufa, la dume kama duara. Kwa mtoto wa chini ya majuma sita ni vigumu kutofautisha. Mimi huwa vizimbani kila Jumamosi baada ya usafi wa mabweni. Mwenye shaka na aje na kikapu chake.