SALFA: ELEMENTI TULIYO NAYO NYUMBANI



Mwanafunzi akipewa kazi mradi ya kuchunguza elementi, huweza kudhani kwamba elementi ziko maabara tu. Kwa familia za Masasi na Newala iko moja karibu kabisa: ule unga wa manjano tunaopulizia mikorosho. Mtoto na auchunguze, lakini tujifunze pamoja naye, maana unga unaookoa korosho huweza kuumiza macho na mapafu.

Elementi ni nini?

Elementi ni kitu chenye atomi za aina moja tu. Maji siyo elementi, kwa kuwa ni haidrojeni na oksijeni zilizoungana. Leo zinajulikana elementi 118. Salfa ni ya 16 katika jedwali la elementi, na alama yake ni S. Watu wa kale waliijua. Mwaka 1789 mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier aliiweka katika orodha yake ya elementi. Siku hizi salfa nyingi duniani hupatikana wakati wa kusafisha mafuta ya petroli na gesi asilia.

Faida zake

Mwilini salfa imo katika protini za nywele, kucha na ngozi. Tunaipata katika mayai, samaki, maharage na vitunguu. Humo imeungana na elementi nyingine. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba unga wa shambani unalika.

Kwenye mikorosho salfa huzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoharibu maua na majani machanga. Ugonjwa huo ulianza kuonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Pamoja na sababu nyingine, ulichangia mavuno ya Tanzania kushuka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980.

Madhara yake

Unga ukiingia machoni huwasha na kutoa machozi. Ukivutwa huleta kikohozi, na mwenye pumu hubanwa zaidi. Salfa ikiungua hutoa mwali wa bluu na gesi iitwayo salfa dayoksaidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa koo na mapafu hugeuka asidi. Ndiyo sababu mtoto asiichome kamwe nyumbani kwa ajili ya jaribio.

Tufanye nini?

1. Anayepulizia avae miwani ya kukinga macho, kitambaa au barakoa puani na mdomoni, na nguo ya mikono mirefu. Asimame upande upepo unakotoka. Watoto na mama wajawazito wakae mbali.

2. Asivute sigara karibu na salfa. Vumbi lake hewani huweza kushika moto.

3. Akimaliza aoge kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

4. Unga ukiingia jichoni, osha kwa maji safi kwa dakika 15. Macho yakiendelea kuuma, au pumzi ikibana, nendeni zahanati bila kuchelewa.

5. Mifuko ya salfa isiwekwe jikoni wala chumba cha kulala. Ikiwa mitupu isitiwe mahindi au unga wa muhogo.

6. Wanaokinga maji ya mvua kwenye mabati, waache mvua za kwanza zisafishe paa ndipo waelekeze maji kwenye tangi.

Jaribio la mtoto

Chini ya uangalizi wa mzazi au mwalimu, atie salfa kidogo katika chupa ya maji isiyotumika kunywea, afunge na kutikisa. Ataona kwamba haiyeyuki. Kisha aweke pembeni kipande cha mkaa, ambao sehemu yake kubwa ni kaboni, waya wa shaba na msumari wa chuma. Aandike rangi, mng'ao na ugumu wa kila kimoja. Hiyo ni kazi mradi nzuri isiyodai fedha. Akimaliza anawe mikono.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini salfa ni elementi lakini maji siyo?

2. Ni nani nyumbani kwetu anayevuta vumbi la salfa, na tutamkingaje kabla ya msimu ujao?

3. Mifuko yetu ya salfa iko wapi leo?