Mteja wa ndege ya rimoti ya kwanza: muuzie ipi?

Sikukuu inakaribia na najua wengi mnataka kuagiza ndege za rimoti. Kabla hujatuma pesa soma hapa, maana hili somo mie nimelilipia.

Mwaka juzi nilipost ndege ya umbo la kivita, imechongoka, rangi ya jeshi. Saa moja haijapita ami mmoja kanipigia, anamtaka zawadi kijana wake aliyefaulu skuli. Laki mbili na themanini, nikafunga. Jumapili wakaenda nayo Paje, alasiri, kaskazi inavuma kutoka baharini. Ikapanda, ikalala upande, upepo ukaisukuma mpaka kwenye minazi. Haikumaliza sekunde kumi. Jumatatu kaja dukani na mfuko wa vipande. "Mwanangu, umeniuzia kitu kibovu." Ndege ilikuwa nzima, ila haikuwa ya mtu anayeanza, na mie sikumuuliza. Nikamrudishia nusu. Mpaka leo hajanunua tena kwangu.

Kwa hiyo tazama bawa kwanza. Ndege ya kujifunzia bawa lake linakaa juu ya kiwiliwili, na ncha zake mara nyingi zimeinuka kidogo. Ikiyumba, ukiachia vijiti inajaribu kujinyoosha wenyewe. Ile ya kivita bawa fupi, linakaa chini au katikati, inataka kasi ndiyo isianguke, na ikilala upande inabaki imelala mpaka wewe uiinue. Anayeanza hana mkono wa haraka namna hiyo.

Chaneli ziwe tatu au nne. Tatu ni mota, kupanda na kushuka, na kukata kona kwa mkia. Ya nne ni vile vibawa vidogo vya pembeni. Zile za chaneli mbili uza kama toy, usimdanganye mtu kwamba atajifunzia. Upana wa mabawa, mita moja hadi 1.2 inatosha, ndogo zaidi ikienda mbali kidogo huijui imetazama wapi. Iwe ya povu gumu, ikivunjika inagundishwa. Mfano ni AeroScout ya HobbyZone: mita 1.1, na propela yake iko nyuma ya bawa, kwa hiyo ikichomeka pua kwenye mchanga propela haigusi. Ina na kifaa ndani cha kuizuia isipinduke.

Sasa herufi za kwenye boksi, hapa ndipo tunapoliwa. RTF inakuja kamili, na rimoti yake. BNF haina rimoti. PNP haina rimoti, haina kipokezi cha ndani, na betri pia ununue mwenyewe. Mie niliwahi kuchukua tatu kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Zimefika, rimoti hamna. Herufi zilikuwepo kwenye picha, ila sikuzisoma. Na hata kama ni RTF, muulize muuzaji: betri na chaja vimo?

Ukimuagiza mtu anayetoka Dubai kwa ndege, betri za akiba abebe mkononi, haziruhusiwi kwenye begi la chini. Ile ya volti 11.1 yenye 2200 mAh ni kama Wh 24, iko chini ya kiwango cha Wh 100, ila aziwekee kila moja mfuko wake zisigusane.

Agiza na propela za akiba na bawa moja. Faida ndogo, lakini mteja anarudi kwako badala ya kukulaumu.

Na usiuze bila kumwambia atarushia wapi. Mjini hapana, uwanja wa ndege wa Kisauni uko karibu, na vyombo vya kuruka kwa rimoti vina kanuni za TCAA, aulize kwanza. Aende shamba, uwanja mpana, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Baharini maji ya chumvi yakiingia kwenye mota ndio basi.

Kitu kimoja kinawaangusha wote: ndege ikiwa inakuja kwako, kushoto na kulia vinageuka. Mwambie asogeze kijiti upande wa bawa lililoshuka, itanyooka. Hilo namrekodia kwa sauti WhatsApp siku hiyo hiyo anayonunua, maana dukani wote wanaitikia na hakuna anayesikia.