Kuchungulia Ndani ya Bakapu: Namna ya Kulipata Faili Moja Bila Kugusa Mengine

Kijitabu cha elimu kwa makarani wa vyama vya msingi, zahanati na shule, kutoka Tingi hadi mwambao wa Ziwa Nyasa

Mkulima wa kahawa hulipwa kwa awamu. Anapima kilo zake chamani msimu wa mavuno, anachukua malipo ya awali, kisha anasubiri mnada upite ndipo apate kilichobaki. Ndiyo maana kilo za Juni huulizwa Novemba, na pengine mwaka unaofuata.

"Mwanangu, hapa naona 210. Mimi nilipima 310, na risiti ni hii."

"Pole, baba. Naomba unipe muda niangalie."

Karani anafungua jedwali lake na kukuta kweli limeandikwa 210. Anamtazama mkulima wa mstari unaofuata, naye kilo zake hazifanani na risiti. Kilichotokea hapa kinajulikana kwa kila aliyewahi kufanya kazi na majedwali ya kompyuta: siku moja mtu alipanga safu ya majina kwa alfabeti, akasahau kuzichukua safu za kilo na fedha pamoja nayo. Majina yakahama, kilo zikabaki. Faili likahifadhiwa, kompyuta ikazimwa, na tangu siku hiyo kila mkulima anabeba kilo za mwenzake. Kompyuta haikuona kosa lolote, kwa sababu kwake hakuna kilichoharibika.

Chama kina bakapu. Diski ya nje imo kabatini na kila Ijumaa huchomekwa. Hata hivyo karani anaogopa kuigusa, na hofu yake ina msingi. Akiirejesha nakala ya Juni yote juu ya mafaili ya leo, atazipata kilo za mzee huyu na kupoteza kazi yote iliyofanyika baada ya hapo. Tunaandika kijitabu hiki kwa ajili ya hofu hiyo. Kuna njia ya kuifungua bakapu ya zamani ikaonekana kama folda ya kawaida, ukapita ndani yake, ukasoma, ukanakili faili moja tu na kuifunga tena. Njia hiyo inaitwa kupachika. Huhitaji kumwaga kihenge kizima ili kuchota debe moja la mahindi.

Inavyofanya kazi

Tuchukue programu ya Borg, iliyo huru na ya bure, ambayo imekuwapo kwa jina hilo tangu 2015. Borg hainakili faili zima upya kila Ijumaa. Inalikata vipande, inaangalia vipande vipi tayari vimo ghalani, yaani pale kwenye diski inapoweka bakapu zote, na kuandika vile vipya tu. Kwa sababu hiyo nakala za miaka kadhaa zinaweza kukaa kwenye diski moja ndogo. Ukiitazama diski hiyo kwa macho ya kawaida huoni jedwali la kahawa. Unaona mafaili yenye majina ya namba ambayo hayafunguki kwa programu yoyote ya ofisini, na wapo waliodhani bakapu imeharibika wakaifuta. Tafadhali usiifute.

Unapopachika, Borg inasoma orodha ya kilichomo na kuionyesha kama folda. Vipande vyenyewe havisomwi mpaka ufungue faili, kwa hiyo hata ghala kubwa hufunguka bila kujaza diski ya kompyuta yako. Tena folda hiyo ni ya kusoma tu: huwezi kufuta wala kubadilisha chochote ndani yake, hata ukikosea. Kwa ofisi yenye kompyuta moja inayotumiwa na watu watatu, sifa hiyo peke yake inatosha kuipendekeza.

Tuseme diski imechomekwa kwenye kompyuta yenye Linux, na ghala limo kwenye folda iitwayo ghala. Tengeneza folda tupu, uiite wazi, kisha andika:

borg mount /media/diski/ghala /home/karani/wazi

Programu itakuuliza nywila. Ukishaiandika, fungua folda ya wazi kama unavyofungua nyingine yoyote. Ndani yake utakuta folda moja kwa kila siku ambayo bakapu ilichukuliwa. Ingia kwenye ya Juni, tafuta jedwali, lifungue, linganisha na risiti ya mzee. Kisha ingia ya Julai, na ya Agosti. Hapo ndipo njia hii inapoonyesha thamani yake, maana unaweza kuiona wiki ambayo majina yalihama. Nakala ya mwisho iliyo sahihi ndiyo unayoitaka. Inakili kwenye folda mpya kabisa, si juu ya faili la leo, kisha sahihisha safu za leo ukiwa umefungua nakala hiyo na faili la leo pamoja. Mafaili ya baada ya kosa bado yana kazi ya watu, na kazi hiyo isipotee.

Ukiongeza maneno -o versions kwenye amri hiyo, mpangilio hubadilika: siku zote zinaunganishwa pamoja, na kila faili linageuka folda yenye matoleo yake yote. Kwa jedwali moja linalobadilika kila wiki, hii ni rahisi zaidi.

Ukimaliza, andika borg umount /home/karani/wazi na ndipo uchomoe diski. Usiache ghala limepachikwa usiku kucha. Likiwa limepachikwa, Borg hulifungia lisiandikwe, na bakapu mpya ya Ijumaa inaweza kushindwa kuandikwa.

Kama kompyuta yako ni ya Windows

Ofisi nyingi zinatumia Windows, na huko amri hii ya Borg haifanyi kazi. Lakini ile bakapu ya diski nzima ambayo Windows yenyewe huitengeneza huwa ni faili lenye mwisho wa vhdx, nalo hupachikwa kama diski mpya kupitia sehemu ya usimamizi wa diski. Kabla ya kukubali, weka alama kwenye kisanduku cha kusoma tu. Usiikose alama hiyo, kwa sababu bila yake unaweza kuandika ndani ya bakapu bila kujua.

Kwa wanaotumia Borg, kompyuta ikiungua kwa radi na mafaili yote yakatakiwa kurudi, usipachike. Kutoa kila kitu kwa njia hii ni polepole. Tumia borg extract, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Siri za watu

Taarifa ulizoingiza kwenye MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, haziishi kwenye diski yako. Zinazoishi ni orodha za kila siku: majina, namba za simu, kilo, mikopo ya pembejeo, na kwa zahanati, mambo ambayo mgonjwa alimwambia mganga peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitofautishi jedwali la leo na nakala yake ya miaka iliyopita. Ghala likishapachikwa, aliyekaa mbele ya kompyuta anaweza kusoma yote, pamoja na yale ambayo ofisi ilikwisha kuyafuta. Basi usinyanyuke kwenye kiti kabla ya kulifunga.

Borg hufunga ghala kwa nywila, na nywila ikipotea hakuna fundi wa Mbinga, Songea wala Dar es Salaam atakayelifungua. Iandikeni kwa mkono kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na ikae kwenye kasha la fedha la chama, mbali na kabati la diski. Mwenyekiti na karani wote wajue ilipo. Karani mpya anapokabidhiwa ofisi, apachike ghala mbele ya yule anayeondoka, afungue faili moja la mwaka uliopita, na hilo liandikwe kwenye hati ya makabidhiano kabla ya sahihi kuwekwa.